Ugaidi: Mizizi yake na mzigo unaowaangukia wanyonge

IJUMAA ya Agosti 7, 1998, mwendo wa saa nne na nusu asubuhi, watu waliokuwa kazini karibu na makutano ya barabara za Moi na Haile Selassie jijini Nairobi walisikia mlipuko mdogo ukifuatwa na milio ya risasi. Kama ilivyo ada ya binadamu, wengi waliacha shughuli zao wakaenda madirishani kuchungulia. Muda mfupi baadaye bomu lenyewe, lililokuwa limepakiwa kwenye lori nyuma ya ubalozi wa Marekani, lililipuka na vioo vya majumba ya karibu vikawarukia nyusoni. Jumba la Ufundi liliporomoka. Ndiyo sababu miongoni mwa manusura wa siku hiyo mna watu wengi waliopofuka.

Waliofariki Nairobi walikuwa 213. Wamarekani kati yao walikuwa 12 pekee. Waliosalia karibu wote walikuwa Wakenya: makarani, wanafunzi wa uhazili, abiria wa basi lililokuwa likipita. Jijini Dar es Salaam, ambako ubalozi mwingine wa Marekani ulilipuliwa asubuhi iyo hiyo, watu 11 walikufa na hapakuwa na Mmarekani hata mmoja miongoni mwao. Wahenga walisema fahali wawili wapiganapo ziumiazo ni nyasi, na hapa nyasi zilikuwa za Afrika Mashariki.

Kilichofuata kuhusu fidia hakijulikani na wengi. Marekani ilitoa mamilioni ya dola ya kuwatibu majeruhi, kuwasomesha watoto wa marehemu na kukarabati majengo, lakini ikashikilia kuwa huo ulikuwa msaada wa kibinadamu wala si fidia. Baadaye familia za Wamarekani na za waajiriwa wa balozi hizo ziliishtaki Sudan katika mahakama za Marekani kwa kumhifadhi Osama bin Laden katika miaka ya 1990. Mnamo 2020 Sudan, iliyokuwa na hamu kubwa ya kuondolewa katika orodha ya Marekani ya mataifa yanayofadhili ugaidi, ilikubali kulipa dola 335 milioni. Fedha hizo zilikuwa za kugawiwa waathiriwa waliokuwa na kesi katika mahakama hizo. Mkenya aliyekuwa akijifunza kupiga taipu katika Jumba la Ufundi hakuwa raia wa Marekani wala mwajiriwa wa ubalozi. Mapatano hayo hayakumtambua.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu mijadala yetu kuhusu ugaidi huishia, aghalabu, kwenye idadi ya waliouawa na majina ya waliowaua. Ni nadra tukauliza gharama hulipwa na nani, na iwapo malipo hayo yenyewe hayatayarishi shambulio lijalo. Maswali hayo mawili yana uhusiano wa karibu kuliko inavyodhaniwa, na hakuna mahali unapoonekana wazi kama katika Pwani na Kaskazini Mashariki mwa Kenya.

Tuanze na chanzo. Jibu linalotolewa haraka zaidi, na wanasiasa wetu na hata na wageni, ni kwamba ugaidi ni zao la umaskini. Kijana hana kazi wala kibarua. Anatokea mtu wa kumwahidi mshahara, naye anavuka mpaka. Jibu hilo lina ukweli, lakini ni ukweli nusu. Lau umaskini peke yake ungetosha, Turkana ingekuwa ikitoa magaidi kwa maelfu. Haifanyi hivyo. Osama alikuwa mwana wa tajiri wa ujenzi. Ayman al-Zawahiri, aliyeirithi al-Qaeda, alikuwa daktari wa upasuaji. Hapa kwetu, mmoja wa washambuliaji wa Chuo Kikuu cha Garissa mnamo 2015 alikuwa mhitimu wa sheria wa Chuo Kikuu cha Nairobi na mwana wa chifu kutoka Mandera. Aliyeongoza shambulio la hoteli ya DusitD2 mnamo Januari 2019, ambapo watu 21 waliuawa, alikuwa mwana wa mwanajeshi wa Kenya. Hawa si watu waliokosa cha kutia kinywani.

Wasomi wamelichunguza jambo hili. Mwanauchumi wa Marekani Alan Krueger na mwenzake Jitka Malečková walichapisha mnamo 2003 utafiti uliodhihirisha kwamba uhusiano wa moja kwa moja kati ya umaskini au kukosa elimu na kushiriki ugaidi ni hafifu mno. Katika maandishi ya baadaye Krueger alielekeza kidole kwenye kunyimwa kwa uhuru wa raia. Nalo Shirika la Umoja wa Mataifa la Maendeleo, UNDP, liliwahoji mamia ya watu waliowahi kujiunga na makundi yenye itikadi kali barani Afrika, Wakenya na Wasomali wakiwemo. Ripoti ya 2017 ilisema kuwa asilimia 71 ya waliojiunga kwa hiari yao walitaja tendo la serikali, kama vile kuuawa au kukamatwa kwa jamaa au rafiki, kuwa ndilo lililowafanya wakate shauri. Ripoti nyingine ya shirika hilo ya 2023 ilipata kuwa robo ya waliohojiwa walitaja kutafuta kazi kuwa sababu kuu ya kujiunga, na idadi hiyo iliwazidi waliotaja dini.

Tafiti hizi hazipingani jinsi zinavyoweza kuonekana. Ukosefu wa kazi humfikisha kijana mlangoni. Mara nyingi anayemsukuma ndani ni askari aliyemchukua nduguye usiku asirudi tena. Hata mhitimu wa sheria mwenye wazazi wanaojiweza hubeba kumbukumbu za jamii yake.

Na kumbukumbu hizo ni nzito. Mnamo 1965, mwaka wa pili baada ya uhuru, serikali ilitoa Waraka wa Sera Nambari 10, ulioelekeza kwamba fedha za maendeleo zipelekwe katika maeneo yatakayoleta faida kubwa zaidi: yenye rutuba, mvua, reli na barabara. Kwa hesabu za mwanauchumi hoja hiyo ilieleweka. Kwa mfugaji wa Wajir ilimaanisha kwamba kiangazi cha kwao kingekuwa sababu ya kunyimwa barabara, na kukosa barabara kungekuwa sababu ya kunyimwa kila kitu kingine. Barabara ya kutoka Isiolo hadi Moyale haikukamilika kutiwa lami hadi muongo wa 2010.

Kilichofika huko mapema ni jeshi. Vita vya Shifta vya miaka ya 1960, vya wale waliotaka eneo hilo liungane na Somalia, vilifuatwa na sheria za hali ya hatari zilizodumu hadi 1991. Mnamo Februari 1984 maafisa wa usalama waliwakusanya wanaume wa ukoo wa Degodia katika uwanja wa ndege wa Wagalla, Wajir, wakawaweka juani siku kadhaa bila maji na kuwapiga risasi wengi wao. Serikali ya wakati huo ilikiri vifo 57. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, katika ripoti yake ya Mei 2013, ilitaja karibu watu elfu moja. Mnamo 1989 Wakenya wenye asili ya Kisomali walipigwa msasa upya na kupewa kadi maalumu za kuthibitisha kwamba ni Wakenya. Utaratibu wa kuwahoji zaidi ya wenzao kila walipoomba vitambulisho ulidumu miaka mingi, hadi Rais William Ruto alipotangaza kuuondoa mnamo Februari 2025.

Katika Pwani donda ni ardhi. Sheria ya 1908 ya kusajili ardhi katika ukanda wa maili kumi iliwaacha Wamijikenda wengi wakiwa maskwota juu ya makaburi ya babu zao, kwa kuwa ardhi ya jamii isiyokuwa na karatasi ilihesabiwa kuwa ya serikali. Baada ya uhuru, viwanja vya ufuoni vilienda kwa wenye mikono mirefu. Huko Lamu, mradi wa makazi wa Lake Kenyatta ulioanzishwa Mpeketoni katika miaka ya 1970 uliwapa mashamba watu wasio na ardhi kutoka bara, hasa Mkoa wa Kati, ilhali wenyeji wa visiwani na Waboni wa msituni hawakuwa na hati za mahali walipozaliwa. Waliopewa mashamba hayo walikuwa maskini kama wenyeji, na hawakumpora mtu. Lakini lalama ilibaki ikifuka moshi.

Ieleweke bayana kuwa hakuna hata moja kati ya hayo linalompa mtu ruhusa ya kumlaza mwanafunzi kifudifudi na kumpiga risasi. Wagalla ilipita bila Wajir kuzaa kundi la kigaidi. Ilihitajika mbegu kutoka nje, nayo ilipatikana Somalia. Dola ya nchi hiyo iliporomoka Januari 1991. Mwaka wa 2006 Muungano wa Mahakama za Kiislamu ulitwaa Mogadishu, na mwezi Desemba mwaka uo huo Ethiopia, ikiungwa mkono na Marekani, ikavamia na kuuvunja. Al-Shabaab, ambayo ilikuwa tawi dogo la vijana wenye siasa kali ndani ya muungano huo, ilijikuta ghafla na kisingizio kizuri kuliko vyote: kumfukuza adui wa kigeni. Wahubiri wake walipofika Majengo jijini Nairobi na katika baadhi ya misikiti ya Mombasa hawakulazimika kubuni malalamiko mapya. Waliyakuta yamekwisha kuiva, wakayavisha kanzu ya dini.

Wala tusidhani kwamba kundi hilo huishi kwa imani tu. Al-Shabaab ni mtoza ushuru stadi. Hutoza malori kwenye vizuizi vya barabarani, hutoza wafugaji na wakulima kwa jina la zaka, na hutoza wafanyabiashara hata katika miji isiyoitawala, kwani asiyelipa hujua kitakachompata. Kwa miaka kadhaa bandari ya Kismayu ilikuwa chungu chake cha dhahabu: mkaa wa mgunga ulisafirishwa hadi nchi za Ghuba kwa mamilioni ya dola. Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipiga marufuku biashara hiyo Februari 2012, na majeshi ya Kenya pamoja na washirika wao wakaiteka Kismayu miezi michache baadaye. Mkaa uliendelea kusafirishwa. Ripoti moja ya Novemba 2015 iliyotolewa na shirika la Journalists for Justice ilidai kuwa baadhi ya maafisa wa jeshi letu walikuwa wakinufaika na mkaa huo pamoja na sukari ya magendo. Jeshi lilikanusha vikali. Ukweli uwe upi, uchumi wa vita una wateja pande zote, na amani ikija si wote watakaoshangilia.

Kenya iliingia vitani kupitia mlango wa utalii, jambo ambalo husahaulika. Mnamo Septemba 2011 Mwingereza mmoja aliuawa na mkewe akatekwa nyara katika hoteli ya Kiwayu, kaskazini mwa Lamu. Oktoba 1 Mfaransa aliyekuwa mlemavu alitekwa kutoka Manda, akafia mikononi mwa watekaji. Siku chache baadaye Wahispania wawili wa shirika la misaada wakachukuliwa Dadaab. Oktoba 16 majeshi yetu yalivuka mpaka katika oparesheni iliyopewa jina la Linda Nchi. Kumbe aliyetekwa Kiwayu alikuwa mikononi mwa maharamia waliotaka kikombozi, wala si Al-Shabaab. Hata hivyo, kundi hilo lilikuwa limekwisha kutangaziwa vita, nalo likajibu kwa namna yake: maguruneti makanisani na kwenye vituo vya mabasi, kisha Westgate mnamo Septemba 21, 2013 ambapo watu 67 waliuawa, kisha Mpeketoni, Mandera na Garissa.

Tazama sasa jinsi gharama ilivyogawanywa. Mnamo 2011 Kenya ilipokea wageni takriban 1.8 milioni kutoka nje. Idadi hiyo ilishuka mwaka baada ya mwaka hadi karibu 1.2 milioni mnamo 2015. Mapato ya utalii, yaliyokaribia Sh98 bilioni mnamo 2011, yalikuwa yameshuka hadi chini ya Sh85 bilioni. Mtu anaweza kusema pengo hilo si la kuangusha nchi, na kwa hesabu za Hazina ya Taifa ni kweli, kwa sababu Nairobi ina mikutano, benki, simu na viwanda. Pwani haina ngazi ya pili. Mei 2014 serikali ya Uingereza iliwashauri raia wake wasizuru kisiwa cha Mombasa na viunga vyake bila sababu ya lazima, na mamia ya watalii wakarudishwa kwao kwa ndege kabla likizo haijaisha. Hoteli hufungwa hivi: kwanza vibarua huambiwa wasije wiki ijayo, halafu wa mikataba, halafu mpishi aliyekaa miaka ishirini hupewa likizo isiyo na mshahara. Nje ya lango, mchonga vinyago, mwenye tuktuk, mvuvi aliyekuwa akileta kamba na pweza na mama aliyekuwa akiwauzia wafanyakazi mahamri, hawapewi hata barua. Takwimu za wizara hazina safu ya kuwaandika.

Wao pia huwa wa kwanza kufa. Hoteli ya Paradise kule Kikambala iliposhambuliwa Novemba 28, 2002, Waisraeli waliolengwa walikufa watatu. Wakenya walikuwa kumi, na miongoni mwao walikuwamo wachezaji ngoma waliokuwa wakiwalaki wageni. Miezi michache baadaye, Mei 2003, ndege za Uingereza zilisitisha safari za kuja Kenya kwa wiki kadhaa kwa hofu ya shambulio jingine. Waliouawa walizikwa, na wenzao waliobaki wakakosa wa kuwachezea ngoma.

Lamu ilionja makali zaidi. Usiku wa Juni 15, 2014 watu wenye silaha waliingia Mpeketoni wakawaua wanaume, na pamoja na mashambulio ya siku zilizofuatia waliokufa walipita 60. Al-Shabaab ilidai ndiyo iliyohusika, ikataja ardhi ya Waislamu kuwa sababu. Rais Uhuru Kenyatta alisema ni njama ya wanasiasa wa hapa nchini. Mzozo huo wa nani kasema kweli ulionyesha jinsi malalamiko ya wenyeji na ajenda ya kigeni yalivyokuwa yameshikana mikono. Kilichofuata ni amri ya kutotoka nje usiku, na wavuvi kukatazwa kuingia baharini baada ya jua kutua.

Asiyeijua bahari ataona amri hiyo ni ndogo. Mvuvi wa Lamu hutega jarife jioni na kulitoa alfajiri, na samaki wengi wa bei huvuliwa gizani. Kumwambia avue mchana pekee ni sawa na kumwambia mkulima apande mahindi Januari. Wenye mashine kubwa na vibali waliweza kuvumilia. Mwenye dau aliuza dau. Katika msitu wa Boni, ambako jeshi lilianzisha oparesheni nyingine mnamo 2015 kuwasaka wapiganaji waliojificha, Waboni walizuiwa kuingia walikokuwa wakirina asali na kuchimba dawa tangu enzi za mababu. Shule zao za msingi katika wadi ya Basuba zilifungwa kwa miaka kadhaa. Sijui ni kwa mantiki gani kijana wa jamii hiyo, aliyezuiwa na wapiganaji na kuzuiwa na serikali, angetarajiwa kuwa mpashaji habari mwaminifu wa upande wowote.

Serikali, kwa upande wake, ilikuwa taabani. Wananchi walidai hatua, na hatua iliyo rahisi kuonekana kwenye televisheni ni msako. Aprili 2014 oparesheni ya Usalama Watch iliwazoa maelfu ya watu, wengi wao Wasomali wa Eastleigh, na wengi wakazuiliwa katika uwanja wa michezo wa Kasarani ili wahojiwe kuhusu vitambulisho vyao. Wasomaji wenye umri mkubwa kidogo walijua walikuwa wameiona picha hiyo mnamo 1989. Mjini Mombasa, mhubiri Aboud Rogo alipigwa risasi na kuuawa garini Agosti 2012 na jiji likawaka ghasia. Abubakar Shariff, almaarufu Makaburi, aliuawa Aprili 2014. Wote wawili walikuwa wakihubiri maneno ya chuki na walikuwa na kesi za kujibu. Hakuna aliyetiwa hatiani kwa kuwaua, na vijana waliokuwa wakiwasikiliza wakapata somo ambalo wahubiri hao wasingeweza kulifundisha wangali hai: kwamba mahakama si ya watu kama wao.

Sheria nazo zilibadilika. Mswada wa kwanza wa kukabiliana na ugaidi, wa 2003, ulipingwa na mawakili na viongozi wa Kiislamu hadi ukaondolewa, kwa kuwa ulimpa polisi mamlaka makubwa mno. Baada ya milipuko ya miaka iliyofuata upinzani ulilegea, na Sheria ya Kuzuia Ugaidi ikapitishwa 2012. Desemba 2014, Wakenya 28 wakiwa wametoka kuuawa katika basi la Mandera na wengine 36 katika machimbo ya mawe, Bunge lilipitisha mabadiliko makubwa ya sheria za usalama katika kikao ambacho wabunge walirushiana makonde na maji. Februari 2015 Mahakama Kuu ilivifuta baadhi ya vifungu, kikiwemo kile cha kuweka kikomo cha wakimbizi 150,000 na kile kilichokuwa kikivibana vyombo vya habari. Hofu ni fundi hodari wa kutunga sheria, lakini hana haja na katiba.

Kisha kulikuwa na suala la hawala. Wiki moja baada ya wanafunzi na wengine, jumla 148, kuuawa Garissa Aprili 2, 2015, Benki Kuu ilisimamisha leseni za kampuni 13 za kutuma fedha, zilizotumiwa zaidi na Wasomali. Nia ilikuwa kufunga mfereji wa pesa za magaidi. Mfereji huohuo ndio uliokuwa ukipeleka karo, dawa na unga kwa familia za Garissa, Mandera na kambi za Dadaab kutoka kwa jamaa zao walio Nairobi, Minnesota na London. Leseni zilirudishwa mwezi Juni. Marekani ilikuwa imefanya vivyo hivyo Novemba 2001 ilipoifunga Al-Barakaat, kampuni kubwa kabisa ya hawala ya Wasomali, na waliochunguza mashambulio ya Septemba 11 hawakupata baadaye ushahidi kwamba ilifadhili mashambulio hayo. Ni kweli magaidi hutuma pesa kwa hawala. Hutuma pia kwa benki na kwa simu, ambazo hakuna aliyependekeza zifungwe kwa miezi miwili.

Isisemwe kwamba hakuna lililokwenda sawa. Uratibu wa vikosi ulioshindwa vibaya katika Westgate na Garissa ulionekana kuimarika sana DusitD2. Nao abiria Waislamu wa basi moja lililovamiwa karibu na El Wak, Mandera, Desemba 2015 walikataa kutenganishwa na Wakristo, wakawapa baadhi yao hijabu wajifiche, wakawaambia wavamizi wawaue wote au wawaache. Mwalimu mmoja Mwislamu aliyepigwa risasi siku hiyo alifariki mwezi uliofuata. Watu hao hawakufanya hivyo kwa kuwa walilishwa ahadi na serikali yoyote.

Nimetaja mwalimu, na ni katika elimu ambako deni hili linaonekana litarithiwa. Wengi wa waliouawa katika basi la Mandera la Novemba 2014 walikuwa walimu kutoka bara waliokuwa wakienda nyumbani kwa likizo ya Krismasi. Shule zilipofunguliwa Januari mamia ya wenzao walikataa kurudi Kaskazini Mashariki, wakapiga kambi katika makao makuu ya Tume ya Kuwaajiri Walimu jijini Nairobi. Hakuna awezaye kuwalaumu. Januari 2020 walimu watatu wakauawa Kamuthe, Garissa, na tume ikawahamisha walimu wengi wasio wenyeji kutoka Garissa, Wajir na Mandera.

Wenyeji wenye shahada za ualimu ni wachache, kwa sababu shule zilizopaswa kuwatoa zilijengwa kwa kuchelewa, kwa sababu waraka wa 1965 ulikwisha kuamua fedha ziende wapi. Basi katika shule nyingi aliyeshika chaki ni kijana aliyemaliza kidato cha nne juzi, analipwa na wazazi wanaouza mbuzi, na somo la fizikia halifundishwi kabisa. Mtihani ni uleule wa nchi nzima. Watahiniwa huufanya, huanguka, wakarudi kukaa kwenye vibaraza vya maduka mjini, na jioni hupita mtu akawauliza ni lini Kenya iliwahi kuwafanyia jambo lolote.